Lori Lisilomtaka Shemeji

Jumapili, 1 Juni

Inatangazwa kwa wakazi wote wa chumba hiki — yaani mimi, meza, na saa ya ukutani iliyosimama tangu mwaka juzi — kwamba leo, mnamo saa tisa alasiri, kiti cha abiria cha lori langu kimezinduliwa rasmi baada ya kushonwa upya. Ngozi ya bandia, rangi ya damu ya mzee. Mishono miwili pembeni, imenyooka kama rula. Hotuba hazikuwepo. Utepe haukukatwa, kwa sababu mke wangu, fundi cherehani aliyekishona kiti hicho, alisema mkasi wake si wa upuuzi.

Kiti cha zamani kilikuwa aibu. Kaka yake mke wangu, shemeji yangu, ndiye hukikalia kila tukipeleka vioo, na miaka miwili yote amelalamika kwamba anakaa juu ya matofali. Sasa akae kama waziri.

Kukirudisha nimekirudisha mwenyewe. Mkongwe — ndilo jina la lori, na analistahili — ni wa lile kabila la pua bapa. Injini imelala chini ya kiti cha abiria. Ukitaka kuiona, unainua kiti kizima kama kifuniko cha sufuria. Kukifunga ni kazi ya dakika kumi. Nimetumia saa mbili, lakini nimemaliza bila fundi na bila matusi mengi.

Vimebaki vipira viwili vyeusi, vinene kama vipande vya sabuni. Nimevizungusha, nimevinusa, sikuona pa kuviweka. Kiwandani huwa wanaweka vya ziada. Mtu yeyote aliyewahi kufungua kitu na kukifunga analijua hilo. Basi nimevisukuma chini ya mguu mfupi wa meza hii — na haitikisiki tena! Miaka minane naandika mistari inayopanda mlima, leo mstari umelala. Mtu mwenye akili hatupi kitu.

Jumanne, 3 Juni

Aibu. Aibu yenye magurudumu.

Safari ya kwanza ya wiki. Vioo vya madirisha kumi na vinne, vya Mama Vioo, mwenye duka la vioo mwisho wa mtaa wetu. Mimi kwenye usukani, shemeji kwenye kiti kipya. Yeye ndiye fundi wa kuvipachika, kwa hiyo safari ya vioo bila shemeji haipo. Ni mtu mwenye mwili. Si mnene, anasema mwenyewe, ni "mkamilifu". Alipokaa, kiti kilishusha pumzi ndefu kama mtu aliyepewa habari mbaya.

Tumetoka getini tu, Mkongwe akaanza. Kuh. Kuh-kuh. Anakata, anashtuka, anaendelea, anakata tena. Anamisi! Ana silinda nne, na moja inaruka zamu yake kama mwanafunzi mtoro. Kila ikiruka, lori zima linapiga kwikwi, na kwa kila kwikwi vioo vinagusana huko nyuma: kri. Kri. Sauti ile niliisikia kwenye meno.

Kimoja kimepasuka. Kona hadi kona. Mama Vioo alikiinamia. Alikitazama kioo, akanitazama mimi, akakirudia kioo, kama anayepima nani kati yetu ana ufa mkubwa zaidi. Afadhali angenitukana!

Shemeji alisema kwa niaba yake, njia nzima ya kurudi. Shemeji, injini inakohoa. Shemeji, si umuuze tu? Shemeji, yule mnunuzi wa vyuma chakavu alikuulizia tena.

Najua kwamba ananiulizia. Kila asubuhi anapita uani kwangu, anamzunguka Mkongwe polepole, anambonyeza hapa na pale, kama aliyeleta posa. Ana sumaku mfukoni! Anajua anachokisubiri. Kazi ya vioo ndiyo pekee aliyobakiwa nayo Mkongwe. Ikiondoka, namuuza kwa kilo.

Jumatano, 4 Juni

Nimempeleka gereji, peke yangu. Hakumisi hata mara moja! Alipanda kile kilima cha sokoni akiimba. Nilijisikia kama mzazi aliyempeleka mtoto hospitali, na mtoto akafika akicheza.

Fundi wangu anaitwa Polepole. Tulisoma darasa moja. Tangu wakati ule alikuwa anafuta ubao kwa mstari mmoja mmoja. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: kabla haijaanza, uligusa nini?

Sijagusa kitu! nikamwambia. Injini ile sijaitia mkono tangu mwaka jana!

Akaitikia "haya" na kuinua kiti, akakiegemeza ukutani kwa adabu. Alikisifia mishono. Akafungua plagi, moja baada ya nyingine, akazipanga juu ya gazeti kwa namba. Rangi ya biskuti zote, ishara ya afya — isipokuwa namba tatu, imeingia weusi kidogo. Tatu inaficha kitu, akasema. Nikasema nanunua plagi mpya zote nne. Akakataa. Usinunue kitu kabla hujakijua kinachoumwa. Akachukua plagi ya tatu akaihamishia silinda ya kwanza, na ya kwanza akaileta ya tatu. Kama plagi ndiyo mgonjwa, ugonjwa utahama nayo. Kama ugonjwa utabaki pale pale, plagi haina kosa. Dawa ya bure.

Akawasha, kiti kikiwa bado ukutani. Injini ikanguruma kama paka kwenye jua. Tukaisikiliza robo saa nzima. Hakuna kitu.

Mzee wangu, akasema Polepole, gari zima hili.

Zima! Na kioo kilichopasuka nilikipasua kwa macho?

Alhamisi, 5 Juni

Limemisi. Shemeji akiwa ndani, vioo tisa nyuma, mita hamsini kutoka getini. Kuh-kuh-kuh!

Polepole alinifundisha cha kufanya likimisi njiani: zima, fungua, washa tena, chomoa waya wa plagi mmoja mmoja. Ukichomoa waya wa silinda nzima, injini inayumba. Ukichomoa wa silinda mbovu, haitajali, maana silinda hiyo ilikwishajifia. Nikasimamisha lori. Shemeji akashuka. Nikainua kiti, nikawasha, nikachomoa. Ya kwanza — injini ikayumba. Ya pili — ikayumba. Ya tatu — ikayumba! Ya nne — ikayumba! Zote hai! Kama watoto wanaopigana chumbani, mama akifungua mlango wanasoma vitabu.

Nikafunga. Shemeji akapanda. Kuh.

Nilishuka nikalipiga teke gurudumu. Gurudumu halina kosa, lakini lilikuwa karibu.

Jambo la pili. Shemeji analalamika kwamba kiti kinamng'ata. Kila akishika ukingo wa chini wa kiti, kuna kitu kinamdonoa vidole. Kunguni, anasema. Nikafanya kosa la kulifikisha neno hilo nyumbani. Mke wangu aliweka kitambaa chini. Kunguni? Kwenye kiti nilichokishona kwa mikono yangu? Mwambie kaka yangu kunguni anao yeye, alitoka nao kwa mama, na mimi ni shahidi maana tulilala kitanda kimoja!

Sitapeleka jibu hilo.

Ijumaa, 6 Juni

Leo nimegundua mwenye kosa: kituo cha mafuta. Maji kwenye petroli! Iko wazi. Nikaenda, nikasimama mbele ya mhudumu wa pampu, nikasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa wakijaza upepo waliisikia. Nikasema mnatuuzia maji ya kunywa kwa bei ya petroli. Nikasema watu wa aina yenu ndio mnaoua magari ya wazee.

Yule mhudumu hakukasirika. Mwanamke mtulivu, ana kalamu sikioni. Akachukua chupa safi ya plastiki, akakinga petroli kutoka kwenye pampu, akaiweka juu ya ukuta mdogo penye jua. Tusubiri, akasema. Maji ni mazito, yatashuka chini, tutayaona yamekaa peke yake.

Tukasubiri. Watu wanane walisubiri nasi, mmoja akanunua karanga. Chupa ilikuwa safi juu, safi katikati, safi chini.

Baba, akasema, ungependa kuinywa kuhakikisha?

Walicheka mpaka mwenye karanga akapaliwa. Nimejaza tangi lote, kwa hasira. Tena nimenunua kabureta ya mtumba kwa mtu wa vyuma chakavu, bila kumwambia Polepole, na nimeifunga mwenyewe mchana kutwa.

Jumamosi, 7 Juni

Kabureta mpya. Kumisi kule kule. Nimeirudisha ya zamani. Ya mtumba iko hapa chini ya meza, inanuka.

Mama Vioo ameniita dukani. Alikuwa anakata kioo, hakuinua kichwa mpaka mstari ukamalizika. Amepata kazi kubwa: madirisha yote ya zahanati mpya, vioo thelathini na viwili, vingine vya ukubwa wa mlango. Jumamosi ijayo asubuhi. Nakupenda Baba, akasema, na shemeji yako huyu amekuombea sana. Lakini lori lako likipiga kwikwi moja tu na vioo vile, nampa kazi yule kijana mwenye lori jipya, na sitakuita tena. Si kwa ubaya.

Si kwa ubaya! Ndiyo maneno yanayouma kuliko yote, kwa sababu huna la kujibu.

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama viatu vyake. Yeye ndiye aliyeniombea.

Jumatatu, 9 Juni

Nimempeleka Mkongwe kwa Polepole tena, amemvua kila kinachovulika. Amepima mgandamizo wa silinda zote nne: sawa. Amefuta kifuniko cha distributa, ile inayogawa moto kwa plagi, amekitazama kwenye mwanga kama anayetafuta ufa kwenye yai. Amewasha, kiti kikiwa ukutani. Akakanyaga mafuta, akaachia. Gari zima, mzee wangu, akasema. Namba tatu peke yake ndiyo inayonitia wasiwasi, plagi yake inarudia weusi. Niachie siku mbili, nitaufuata waya wake inchi kwa inchi.

Siku mbili nyingine za kulitazama lori!

Hapo nikafungua mdomo. Nilisema mbele ya mafundi wote, mbele ya wateja, na mbele ya dereva wa pikapu ya Mama Vioo aliyekuja kubadilishiwa breki. Nilisema kuna mafundi wanaoponya na kuna mafundi wanaofuga ugonjwa. Nilisema gari linaingia hapa na tatizo moja linatoka na tatizo lile lile limenenepa. Nilisema huenda waya wangu mzuri uko kwenye gari la mtu mwingine sasa hivi.

Gereji ilinyamaza. Hata jenereta ilikaa kimya, ingawa nadhani mafuta yalikwisha.

Polepole alifuta mikono. Kidole kimoja, kingine, kingine. Akanipa ufunguo. Akasema: Umelipa yote, huna deni. Nenda salama.

Nilikuwa na haki. Nimeandika hapa ili nikumbuke kwamba nilikuwa na haki.

Jumanne, 10 Juni

Mama Vioo ameondoa pikapu yake kwa Polepole. Dereva alimpelekea maneno yangu, yote, pamoja na lile la waya. Mke wangu ndiye aliyeniambia, akiwa na pini mdomoni, kwa hiyo sikuweza kuona alikuwa na uso gani.



Jumatano, 11 Juni

Nimepata! Nimekaa na kalamu kama mwanasayansi. Safari zote zimeorodheshwa. Peke yangu kwenda gereji: nzima. Peke yangu kurudi: nzima. Na shemeji: mbovu. Na shemeji tena: mbovu. Peke yangu kituo cha mafuta: nzima. Na shemeji: mbovu, mbovu, mbovu.

Hata hivyo, nisimwonee mtu. Labda ni uzito tu. Nikapakia mifuko ya mchanga nyuma, zaidi ya uzito wa shemeji na chakula chake cha mchana. Nikazunguka mtaa mara nne. Nzima! Anateleza!

Kwa hiyo si uzito. Ni shemeji mwenyewe. Lori halimtaki. Sijui kwa nini, sina elimu hiyo, lakini orodha haidanganyi.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemwambia. Kwa upole, nilidhani. Nilisema Shemeji, Jumamosi naomba ukae nyuma na vioo.

Nyuma? Na vioo?

Nilimwonyesha orodha. Aliisoma mara mbili, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kikisimama kwenye kila "mbovu". Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona jina lake mahali pasipofaa. Mimi niliyekupigia magoti kwa Mama Vioo, akasema. Mimi niliyesema, huyu ni ndugu yangu, mpe kazi. Leo mimi ndiye kunguni?

Sikusema kunguni! Kunguni alisema yeye mwenyewe!

Ameondoka. Jumamosi haendi. Mwambie Mama Vioo, akasema, atafute fundi mwingine, na wewe tafuta shemeji mwingine.

Mke wangu alisikia yote kutoka dirishani. Cherehani ilisimama. Mimi namjua: akiisimamisha hivyo, anapima kitambaa kabla ya kukata. Chakula kilikuwa mezani, lakini nimekula peke yangu.

Ijumaa, 13 Juni

AMEPONA! Mkongwe amepona! Ulikuwa waya wa tatu. Ulikuwa na jeraha, moto ulivujia kwenye chuma. Nimeufunga vizuri, nimetibu mwenyewe, bila gereji. Kesho zahanati! Maelezo kamili nitaandika nikipata nafasi. Meza inatikisika leo, mwandiko mbaya.

Jumamosi, 14 Juni

Saa moja asubuhi. Mkongwe yuko uani, injini inawaka, vioo thelathini na viwili vimefungwa kwenye fremu na magunia katikati. Vimebebwa kutoka dukani alfajiri, kimoja kimoja. Mimi nimeingia ndani "kuchukua ufunguo". Ufunguo uko kwenye lori, nimeshaliwasha nao. Hakuna aliyeniuliza.

Nilichoandika jana si uongo. Ila kimeshonwa upya, kama kiti. Kilichotokea ni hiki.

Jana mchana mke wangu aliingia uani amebeba kichwa cha cherehani. Kile cha chuma, kinachohitaji watu wawili. Alikibeba peke yake. Nyuma yake jirani akimletea pasi kubwa ya mkaa. Akafungua mlango wa abiria, akapanda, akakaa kwenye kiti, akapakata cherehani, na pasi juu yake.

Washa, akasema.

Mama watoto, unafanya nini?

Washa, Baba watoto.

Nikawasha. Kuh. Kuh-kuh. Kuh!

Alinitazama kwa upande, mikono imekumbatia cherehani. Haya, akasema. Na hii cherehani nayo ni kaka yangu?

Nilisema na mifuko ya mchanga hakumisi. Akauliza niliiweka wapi. Nyuma, nikasema. Akasema, nyuma kuna kiti?

Akashuka. Akakiinua kiti mwenyewe, akapitisha kidole kwenye kingo za chini, mbele na nyuma. Huku nyuma, akasema, kuna vipira viwili. Huku mbele vipira viko wapi? Nilipokitoa kiti kukishona vilikuwa vinne. Nilikupa mkononi, ukatia mfukoni, ukaniambia asante.

Mimi nilijua viko wapi. Nilijua kabla hajamaliza sentensi. Nilimfikiria Polepole aliponiuliza, uligusa nini, na mimi nikipaza sauti kwamba sijagusa kitu. Kiti sikukihesabu! Kiti ni fanicha!

Matundu ya mbele yalikuwa yamejaa grisi kavu, ndiyo maana sikuyaona. Bila vipira, mtu mzito akikaa, chuma cha kiti kinashuka mpaka kwenye waya wa silinda ya tatu. Kimeukwaruza siku kumi na tatu. Jeraha lenyewe ni dogo kama alama ya ukucha, limejaa vumbi, lakini moto unatosha kupita. Ukipita, unaingia kwenye chuma badala ya plagi, silinda inaruka, na shemeji anadonolewa vidole. Ukiinua kiti kutazama, chuma kinaondoka, waya unapumua, injini nzima. Kila fundi aliyetaka kuuona ugonjwa ilimbidi kwanza auondoe. Na Polepole alikuwa amebakiza inchi chache tu kuufikia! Siku mbili, alisema. Niachie siku mbili.

Nilikuja chumbani nikapiga magoti, nikavitoa chini ya meza. Mke wangu alisimama mlangoni akinitazama nikitoka huko chini na vipira mkononi. Aliingia kwenye kicheko ambacho sijamwona nacho tangu harusi. Alikaa kwenye sakafu, akafuta machozi kwa kanga. Kisha akakinyamazisha ghafla, akasema: Mimi sitasema kwa mtu. Wewe ndiye utasema.

Halafu akaenda kwa kaka yake, sijui alimwambia nini, maana shemeji amekuja leo. Amekaa kwenye kiti. Hajanisalimia, lakini amekaa, na Mkongwe ananguruma chini yake bila kwikwi hata moja. Ameshika ukingo wa kiti kwa vidole vyote kumi. Anasubiri kung'atwa. Sing'atwi, anasema kwa sauti kwa kila anayepita, sing'atwi!

Na mke wangu amemwita Polepole. Hilo ndilo sikulitegemea. Amekuja na nguo safi za Jumamosi, amesimama kando ya tairi la mbele, mikono nyuma. Anasikiliza injini. Anatabasamu kidogo, si kwangu, kwa injini.

Mama Vioo naye yupo. Amemwona Polepole, amemkunjia uso. Kisha ameuliza kwa wote, kwa ile sauti yake ya dukani: Sasa limeponaje? Nani alikuwa analiharibu?

Na wote wakanigeukia. Ndipo nikakumbuka ufunguo.

Naandika na meza inayumba kama mtumbwi. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Nikikaa kimya, vioo vinakwenda zahanati, Mkongwe anaponea kuuzwa kwa kilo, na Polepole anabaki mwizi wa waya mtaani kwetu. Nikisema, Mama Vioo atajua kwamba mtu anayetaka kumpa vioo vya zahanati ndiye yule anayefunga kiti, anabakiwa na vipande viwili mkononi, anasema kiwandani huweka vya ziada. Mimi mwenyewe nisingempa mtu huyo hata bilauri abebe.

Nilitafuta njia ya tatu. Panya. Panya wametafuna waya. Inasikika vizuri! Nimeisema kimoyomoyo mara mbili, na mara ya pili panya alikuwa na sura ya Polepole akifuta mikono, kidole kimoja kimoja.

Honi. Huyo ni mke wangu, anapiga honi ya lori langu.

Hataki kuniita jina. Ametuma mlio tu. Kupitia dirishani namwona Polepole ameinama, anaonyesha kitu chini ya kiti. Hapana — anakisifia kiti tena, anafuata mshono kwa kidole. Bado kidogo atafika kwenye kipira. Atajua kwamba kina alama ya mguu wa meza. Ataijua, yule, hakuna anachokipita.

Honi tena. Mama Vioo anauliza mara ya pili: kwa hiyo nani aliliharibu?

Naona nianzie kwenye meza. Nitasema, Mama, pale ndani nina meza yenye mguu mfupi —